Weusi wa siku ya kwanza sio weusi wa mwaka wa kumi

Juzi barazani Mji Mkongwe, baada ya alasiri, kijana mmoja alitoa simu akatuonesha ule mnara wa jua wa Ouarzazate kule Moroko. Una urefu wa kama mita 250, umezungukwa na vioo zaidi ya 7,000, vyote vinageuka kulifata jua na kulirusha pahala pamoja tu, kichwani mwa mnara, na pale kichwani panang'ara mpaka kamera inashindwa. Akasema, "Maalim, jua sie tunalo mwaka mzima, kwani tunakosa nini?" Basi mjadala ukaanza, huyu anasema pesa, yule anasema ardhi, mwengine wawekezaji, kahawa ikaongezwa mara mbili, mpaka magharibi inaadhiniwa hakuna hata mmoja alouliza kile nilichokuwa nakiwaza mie toka video inaanza: pale juu pamepakwa rangi gani?

Nilinyamaza mana nilijua nikianza hatutomaliza, kwa hiyo nayaandika hapa.

Ule mng'aro wa kwenye video ni mwanga uliokataliwa, kile kidogo kilichoshindwa kumezwa kikarudi. Yale mabomba ya pale juu ukiyatazama asubuhi kabla vioo havijaelekezwa ni meusi ti. Ndani yake inapita chumvi iloyeyushwa, na sio chumvi ya kupikia wala ile inayovunwa mashambani Pemba, ni nitreti ya sodiamu 60 kwa 100 na nitreti ya potasiamu 40, ndugu yake mbolea. Inaingia kwenye kipokezi, yaani hayo mabomba ya juu, ikiwa na digrii 290 inatoka na digrii 565, inakwenda kulala kwenye tangi kubwa, na jua likizama inachemsha maji yatoke mvuke wa kuzungusha mtambo wa umeme. Hapo ndo penye utamu wa teknolojia hii, umeme wa jua saa tatu usiku bila betri. Najua sola za kawaida zimeshinda kwa bei, mwaka 2022 zilipita gigawati 1,000 duniani kote wakati minara na mifereji ya vioo (vioo virefu vilopinda vinavyolikusanyia jua bomba lilopita katikati) ukiijumlisha yote haikufika hata 10. Ila kuhifadhi joto ni kitu chengine, na joto lote hilo, kila chembe, lazima lipite kwenye ule mpako mweusi ambao unene wake haufiki unywele.

Sasa tuongee weusi.

Bibi yangu kule Wete alipikia kuni mpaka mwisho wa umri wake, na kila aliyekulia jiko la namna ile anayajua mafiga. Yatazame vizuri. Upande wa juu na wa nje yamejaa masizi, lakini uso ulioelekea moto wenyewe, pale panapowaka khasa, hapana masizi hata kidogo, pana jiwe la kijivu lisilo weusi wowote. Nilimuuliza nikiwa mdogo akanambia, "Masizi nayo yanaungua mjukuu wangu." Wallahi hilo jibu nimelisoma tena chuoni kwa maneno marefu na halikuongezeka kitu. Masizi ni kaboni, yanameza mwanga zaidi ya 95 kwa 100, rangi nyingi za dukani haziyashindi, lakini yaweke kwenye hewa ya digrii 600 yanageuka hewa yakapotea. Na rangi nyeusi nyingi za makopo, za geti na za madirisha, weusi wake unatokana na hiyo hiyo kaboni ilosagwa, na gundi inayoishika ndo inakufa mapema zaidi.

Kwa hiyo kwenye mnara unatakiwa weusi wa kitu ambacho kimeshaungua. Oksidi za metali. Kobalti, shaba, manganizi, kromu, chuma, hizi ukizichanganya kwa mpango zinatoa fuwele zinazoitwa spineli, na baadhi yao ni nyeusi kweli kweli, halafu zimeshachukua oksijeni yao yote kwa hiyo moto hauna tena cha kuzinyang'anya. Mafundi wa vigae na vyombo vya kauri wanazitumia mana zinapita kwenye tanuri zinatoka na rangi yake.

Mpako uliokaa kwenye minara muda mrefu kuliko yote ni Pyromark 2500. Huu ulikuwa kwenye Solar One, mnara wa megawati 10 uliowashwa jangwa la Mojave, California, mwaka 1982, na watafiti wengi wa leo wakitengeneza mpako mpya wanaushindanisha na huo. Ni rangi ya silikoni ilotiwa unga wa oksidi. Unaipulizia kwenye bomba, halafu unaiivisha polepole kwa hatua, kwanza digrii 250, halafu unapandisha mpaka kama 540, na hapo ile sehemu laini ya silikoni inaungua inaondoka, kinabaki kitu kama kioo chembamba kinachoshika unga mweusi juu ya chuma. Ukiwa mpya na umeiva vizuri unameza 96 kwa 100. Hiyo namba ndo utaikuta kila pahala, kwenye vipeperushi, kwenye karatasi za wauzaji, kwenye mada za semina.

Na mie ugomvi wangu uko hapo hapo. Namba ile ni ya siku ya kwanza. Solar One wenyewe, kabla miaka ya 1980 haijamalizika, weusi ulikuwa umeshapungua ikabidi mnara usimamishwe, watu wapande juu, wapake upya. Hawa walikuwa jangwani, pakavu, na wataalamu wa nchi tajiri kuliko zote, na bado mpako uliwachoka.

Kwa nini unachoka? Sababu ya kwanza ambayo watu wanaidharau ni kwamba bomba linarefuka. Chukua bomba la chuma cha pua la mita moja, litoe kwenye joto la kawaida lipeleke digrii 565, litarefuka karibu milimita 9. Ule mpako ni aina ya kauri na kauri haipendi kurefuka, wenyewe unataka kwenda kama nusu ya hapo. Kwa hiyo kila asubuhi chuma kinauvuta, kila magharibi kinaurudisha, na kwa mnara wa kufanya kazi miaka 30 hiyo ni safari zaidi ya 10,000, na hapo sijahesabu mawingu, mana wingu likipita mbele ya jua bomba linapoa ghafla, likiondoka linapigwa tena na mwanga wa mamia ya majua. Hakuna anayepiga namba za mawingu kwenye kipeperushi. Mpako unaanza na nyufa ndogo usizoziona, hewa inapita humo, chuma cha chini kinaota oksidi yake mwenyewe, ile oksidi inasukuma kutokea ndani, siku moja unakuta gamba limebanduka na pale pamebaki pa kijivu kama yale mafiga. Sababu nyengine ni kwamba kwenye joto lile chembe hazikai zilipo, kromu ya kwenye chuma inapanda juu taratibu inaingia kwenye mpako, fuwele zinabadilika, weusi unapungua bila hata ya kubanduka. Hili la pili ndo baya zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu jicho halilioni mpaka upime.

Kuna wanaosema dawa yake ni mpako wenye kuchagua, yaani unaomeza mwanga wa jua lakini ukawa bahili wa kutema joto. Wazo ni zuri na lina historia, Harry Zvi Tabor, mwanasayansi wa Israeli, alilionesha miaka ya 1950 kwa ajili ya hita za maji. Msingi wake ni huu: mwanga wa jua mwingi una mawimbi mafupi, chini ya maikromita 2.5, lakini kitu cha moto kinatema joto kwa mawimbi marefu zaidi, na mpako unaweza kufanywa uwe mweusi kwa yale mafupi na uwe kama kioo cha kujitazamia kwa yale marefu. Kwenye maji ya moto ya digrii 60 au 80 makundi haya mawili ya mawimbi yako mbali mbali kabisa, kazi ni nyepesi. Kwenye digrii 565 kilele cha joto linalotemwa kinasogea mpaka kama maikromita 3.5, yaani yamekaribiana mpaka kukata mstari katikati yao imekuwa shida.

Lakini hata ukiweza, hesabu inakwambia nini? Hebu nivumilieni kidogo. Wanafizikia wawili, Stefan mwaka 1879 na Boltzmann mwaka 1884, walituachia sheria kwamba kutema joto kunapanda kwa nguvu ya nne ya joto lenyewe, likihesabiwa kutoka sifuri halisi. Kwa digrii 565 kitu cheusi kamili kinatema kama kilowati 28 kwa mita ya mraba. Mpako wa kawaida wa mnara unatema kama 88 kwa 100 ya hiyo, sema 25. Sasa mwanga unaopiga pale pale kwenye mita ile ile, tuseme kilowati 600, mana mnara unakusanya majua mamia, na jua moja ni kama kilowati 1 kwa mita ya mraba. Ukileta mpako wako wa kisasa unaotema 40 kwa 100 tu, umeokoa kama kilowati 13. Hongera. Lakini kama ili kupata ubahili huo umeshuka kwenye kumeza, kutoka 96 mpaka 93, pointi tatu tu hizo, umepoteza kilowati 18. Umelipa zaidi na umepata pungufu. Ndo mana kwenye minara ya leo weusi wa kumeza unashinda ubahili wa kutema, na ndo mana pointi tatu zinazopotea kwa uzee wa mpako zinauma kuliko sifa yoyote ya siku ya kwanza. Mambo yatabadilika wakifika digrii 750 kama wanavyotaka, mana huko kutema kunapita mara mbili ya hapa, ila bado hawajafika kibiashara.

Kwenye mifereji ya vioo hesabu inageuka. Bomba la katikati kule linapata wastani wa kama majua 25 tu ukilizunguka lote, joto digrii 400, na lingekuwa na weusi wa kawaida zaidi ya theluthi ya lilichomeza lingekitema. Kwa hiyo wale lazima watumie mpako wenye kuchagua na wauweke ndani ya bomba la kioo lilotolewa hewa, kwani chembe za metali ndani ya mpako ule zikikutana na oksijeni zikiwa na moto zinakufa.

Sandia, ile maabara ya taifa ya Marekani kule New Mexico, walipendekeza njia ya kuhesabu ambayo nataka kila mtu wa manunuzi Zanzibar aijue: usihesabu bei ya kopo, hesabu bei ya kopo, na ya kupaka, na ya siku ambazo mnara utasimama wakati wa kupaka upya, na ya joto lote litakalopotea kadri weusi unavyofifia, halafu ugawe kwa kazi ilofanyika umri mzima. Mpako wa bei ghali unaodumu unaweza kuwa rahisi kuliko wote. Na mpako wa sifa kubwa unaodumu miaka miwili unaweza kuwa hasara tupu.

Sasa narudi kwa kijana wetu wa barazani, na namjibu kwa heshima kwa sababu swali lake lina uchungu ndani yake. Sote tunaikumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu Unguja nzima kiza, njia ya umeme unaotoka bara chini ya bahari imeharibika, joto la kaskazi ndo lile, majenereta kila kichochoro. Mtu aliyepitia yale akiona jua linageuzwa umeme wa usiku lazima moyo umruke. Lakini mdogo wangu, vioo vya mnara vinaweza kulirusha jua lile la moja kwa moja tu, lile linalotoa kivuli kikali. Jua letu sie limechujwa na unyevu, nusu ya siku limejificha nyuma ya vijiwingu vinavyotoka baharini, mwanga upo mwingi lakini umetawanyika, na kioo hakiwezi kuukusanya mwanga uliotawanyika. Ndo mana minara iko Mojave, iko Upington Afrika Kusini, iko Ouarzazate, iko jangwa la Dubai. Ongeza yale mawingu yanayopita kila baada ya muda mfupi, na umeshaelewa kila wingu linafanya nini kwa ule mpako. Mnara kwetu siutaki, nasema wazi.

Ninachokitaka ni kwamba elimu ya ule mpako tuichukue, mana weusi wa kumeza jua uko juu ya mapaa yetu tayari. Nenda Nungwi, nenda Jambiani, tazama juu ya nyumba za wageni utaona hita za maji za jua, zile za mabati bapa yenye kioo na zile za mirija. Na huku juu ya paa hesabu ni ya aina ya mifereji sio ya mnara, jua ni moja tu, kama wati 1,000 kwa mita ya mraba mchana mzuri, na bati jeusi la kawaida likiwa na digrii 60 linapoteza kama wati 200 kwa kutema, ukishatoa joto linalorudishiwa na vilivyolizunguka. Moja ya tano! Mpako wenye kuchagua unaishusha mpaka 20 hivi. Kwa hiyo fundi anayekwambia "nyeusi ni nyeusi, nitakupakia mie" anakula karibu moja ya tano ya maji yako ya moto.

Hilo nimelipata mwenyewe. Ami yangu ana vyumba sita vya wageni mashariki ya kisiwa, alinunua hita ya bati bapa, mpako wake wa kiwandani ukaanza kufanya madoa meupe mwaka wa tatu, unyevu uliingia ndani ya kioo kila usiku ukifanya jasho na chumvi ya upepo wa bahari imo ndani yake. Fundi akaja akaifungua, akakwangua, akapaka rangi nyeusi ya geti. Ikapendeza. Wageni walilalamika maji ya asubuhi baridi, akaongezewa hita ya umeme, na bili ikafanya kazi yake. Hakuna aliyekuwa mwongo hapo, si fundi si muuzaji, kila mmoja alitazama weusi kwa jicho tu.

Mirija ile ya kioo ni salama zaidi kwetu kwa sababu mpako wake umefungiwa kwenye nafasi isiyo na hewa, chumvi haiufikii. Lakini nao una alama yake na nashangaa watu hawaambiwi. Chini kabisa kwenye ncha ya kila mrija kuna pahala panang'ara kama fedha. Huo ni mpako wa bariamu, kazi yake ni kunyonya vihewa vinavyobaki ndani. Siku ukikuta ncha hiyo imegeuka nyeupe kama maziwa, hewa imeingia, mrija ule umekufa hata kama bado mweusi unang'aa na jua linauwakia. Kule kule kwa ami, kwenye paa la jirani yake, nilihesabu mirija 20, saba imeshakuwa nyeupe chini, na mwenye nyumba alikuwa akilaumu jua la kusi.

Kwa hiyo mie nikisikia zabuni ya hita za jua, iwe ya hoteli iwe ya hospitali iwe ya skuli ya bweni, naomba kitu kimoja kiandikwe: mpako huu ulipimwa vipi kwenye hewa ya chumvi na unyevu, na ulibaki na weusi kiasi gani baada yake, sio ulianza na kiasi gani. Na naomba Taasisi ya Karume pale Mbweni au SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa, watege fremu za chuma karibu na bahari, wazibandike sampuli za kila mpako unaouzwa hapa, waziache miaka, wapime kila baada ya miezi sita. Haihitaji mnara. Inahitaji fremu, kipimo, na mtu asiyesahau. Jangwani adui wa mpako ni joto, kwetu ni chumvi, na majibu ya jangwani hayatutoshi hata yakiwa sahihi namna gani.

Mwenyewe nimeanza kwa kidogo nilichonacho. Nilikwenda kwa fundi wa kuchomea Mwanakwerekwe nikakatiwa vyuma bapa vinne. Cha kwanza rangi ya geti. Cha pili na cha tatu rangi ya ekzosi ya pikipiki, ile ya silikoni, ila cha pili nilikiivisha taratibu kwa muda wa saa tatu na cha tatu nilikitia motoni moja kwa moja. Cha nne sikukipaka kitu, nilikiacha kiote weusi wake mwenyewe. Siku tano kwenye moto wa makaa unaovukutwa. Cha rangi ya geti kilitoa moshi kikabaki chuma kitupu siku ile ile. Cha nne kilikuwa cheusi cha kupendeza mpaka nilipokitumbukiza kwenye maji, gamba likaruka lote. Cha tatu kilifanya malengelenge. Cha pili kimefifia kidogo, lakini kimeshika.

Hicho cha pili sasa nimekifunga kwa waya juu ya paa Mazizini, kinatazama bahari, kusi nzima kinapigwa na upepo na mvua. Jana nilipanda kukiangalia. Uso bado mweusi, ila kwenye pembe, pale grainda ilipokata na rangi ikakaa nyembamba, kutu imeshaingia kama milimita mbili kuelekea katikati. Nimeichora kwa penseli ilipofika, na tarehe pembeni yake.